Rejesho la Machi lililohamia Mei: kisa cha kupanga kwa tarehe rekodi za vyanzo vitatu

Usuli

Chama kinachozungumziwa hapa ni chama cha akiba na mikopo katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Jina lake, mji wenyewe na majina ya wahusika yameondolewa, na viwango vya fedha vimebadilishwa. Wanachama wake wengi ni wauza samaki, mafundi, walimu na wenye maduka madogo. Mwaka 2021 mwanachama aliweza kuweka au kutoa fedha zake kwa njia tatu: kupitia akaunti ya chama benki, kwa simu, au kwa kufika mwenyewe dirishani kwa karani.

Kila njia ilikuwa na kumbukumbu zake, na kila kumbukumbu iliandika tarehe kwa namna yake. Benki ilitoa faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, lenye tarehe kama 05/03/2021, siku ikitangulia mwezi, bila saa yoyote. Mtoa huduma wa fedha kwa simu alitoa faili lenye tarehe na saa hadi sekunde, mfano 2021-03-05 09:50:12. Dirishani karani aliandika kwa mkono katika daftari la fedha taslimu, na jioni alinakili kurasa za siku hiyo kwenye jedwali la kompyuta, tarehe akiitenganisha kwa nukta, 05.03.2021, na saa akiiweka kwenye safu yake ya pembeni.

Kwa miaka mingi mweka hazina aliunganisha kumbukumbu hizi kwa macho na kalamu. Wanachama walipoongezeka, bodi iliomba kijana mmoja aliyewahi kutengeneza tovuti ya chama aandike skripti, yaani programu fupi, itakayofanya mambo matatu: kukusanya rekodi zote mahali pamoja, kuzipanga kwa tarehe, na kumtolea kila mwanachama taarifa yenye salio linalokwenda mstari kwa mstari. Skripti hiyohiyo ingetambua marejesho ya mikopo yaliyochelewa na kuyatoza faini. Kijana alichagua PHP, kwa sababu tovuti ilikuwa imeandikwa kwa lugha hiyo na seva, yaani kompyuta inayoendesha tovuti, ilikuwa tayari inaielewa. Uchaguzi huo haukuwa na kasoro. Mimi niliitwa baadaye, malalamiko yalipokwisha kuanza, nikae naye tuipitie kazi hiyo upya.

Toleo la kwanza, na rekodi zilizopotea

Kosa la kwanza lilikuwa fupi na lilipona siku ileile, lakini nitalirudia baadaye kwa sababu ya namna lilivyojulikana. Kuunganisha orodha tatu, kijana alitumia alama ya kujumlisha: `$benki + $simu + $taslimu`. Katika PHP alama hiyo haiambatanishi orodha moja nyuma ya nyingine. Hulinganisha funguo, yaani namba za nafasi za rekodi katika orodha, na penye ufunguo unaofanana hubakiza kilichotangulia. Orodha zote tatu zilianza na ufunguo sifuri, kwa hiyo mstari wa kwanza wa simu ulimezwa na mstari wa kwanza wa benki, wa pili ukamezwa na wa pili, na kadhalika mpaka orodha ya benki ilipoisha. Mweka hazina alijumlisha, akaona jumla haifikii hata karibu na ile ya daftari lake, akairudisha kazi kabla ya saa sita mchana. Kijana akabadilisha kuwa `array_merge`, ambayo hupanga funguo za namba upya na kuzihifadhi rekodi zote. Jumla ikakubaliana na daftari hadi shilingi ya mwisho, na tangu hapo kila mtu akaamini kwamba skripti ni sahihi.

Dalili ya kwanza, na dawa iliyoificha

Upangaji wenyewe ulifanywa kwa `usort`, kazi ya PHP ya kupanga orodha, ukilinganisha matokeo ya `strtotime`, kazi inayogeuza maandishi ya tarehe kuwa hesabu ya sekunde, kwa kutoa moja katika nyingine. Taarifa za majaribio zilipochapishwa, mistari mingi ya benki ilirundikana juu ya ukurasa, juu hata ya mistari ya Januari. Mstari wa tarehe 25/03/2021 ulikaa kabla ya mstari wa tarehe 4 Januari. Tarehe iliyochapishwa ilikuwa sahihi, kwa kuwa skripti ilichapisha maandishi yaleyale yaliyotoka kwenye chanzo. Kilichopotoka ni thamani ya ndani iliyotumika kupanga. Kijana alipoichapisha thamani hiyo, akakuta 01/01/1970.

Hapa inafaa kueleza kilichokuwa kikitokea, kwa kuwa ndipo penye kiini cha kisa. `strtotime` hubashiri muundo wa tarehe kwa kutazama alama inayotenganisha tarakimu. Ikiona mkwaju (/), huichukua tarehe kuwa ya Kimarekani, mwezi ukitangulia siku. Ikiona kistari au nukta, huichukua siku kuwa ya kwanza. Kwa hiyo 05.03.2021 ya karani ilisomwa kuwa tarehe 5 Machi, lakini 05/03/2021 ya benki ilisomwa kuwa tarehe 3 Mei. Ile 25/03/2021 haikusomeka kabisa, kwa sababu hakuna mwezi wa ishirini na tano, na `strtotime` ikarudisha `false`, yaani jibu la kushindwa. Katika hesabu ya kutoa, `false` huhesabiwa kuwa sifuri, na sifuri katika hesabu ya sekunde za kompyuta ni mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970.

Kijana aliona tarehe zisizosomeka, akaamua kuzitibu hizo tu. Aliongeza sharti: tarehe ikikataliwa, ivunjwe kwenye mikwaju, igeuzwe kuwa mwaka, mwezi, siku, kisha isomwe tena.

```php
$t = strtotime($tarehe);
if ($t === false) {
    [$s, $m, $k] = explode('/', $tarehe);
    $t = strtotime("$k-$m-$s");
}
```

Nilipomuuliza kwa nini alichagua njia hiyo, alijibu kwa uaminifu kwamba aliona tatizo liko kwa tarehe zenye siku ya 13 na kuendelea, na zile nyingine hazikuwa zimelalamika. Ndivyo ilivyokuwa: hazikulalamika. Tarehe ya kuanzia 13 hadi mwisho wa mwezi haiwezi kudhaniwa kuwa mwezi, hivyo hupiga kelele. Tarehe ya 1 hadi 12 hukubali kusomwa kwa namna mbili, na kompyuta huchagua moja bila kusema lolote. Katika mwaka mzima ziko tarehe 144 za aina hiyo. Kumi na mbili kati yake hazidhuriki, kama 03/03, na zinazobaki 132 huhamia siku nyingine. Dawa ya kijana iliwaponya waliokuwa wakilia na kuwaacha wagonjwa waliokuwa kimya, na kwa kuwa kilio kilikoma, uchunguzi nao ukakoma.

Skripti ikawekwa kwenye seva. Katikati ya Aprili taarifa za wanachama wote tangu mwanzo wa mwaka zikachapishwa na kugawiwa.

Malalamiko mawili

La kwanza lilikuwa la mama mmoja anayeuza samaki. Rejesho lake la Machi lilitakiwa lifike kabla ya tarehe 10, naye alilipa benki tarehe 5, siku ya Ijumaa. Taarifa ilimwonyesha ametozwa faini ya kuchelewa. Alikuja ofisini na stakabadhi ya benki mkononi, akaiweka mezani kando ya taarifa. Baada ya salamu alimwambia kijana, “Mwanangu, mimi sijui kompyuta, lakini karatasi yenu inasema nimelipa tarehe tano mwezi wa tatu, kisha inaiweka chini ya akiba niliyoweka tarehe thelathini. Hiyo tano ni ya mwezi gani?” Kidole chake kilikuwa kwenye mstari wa mwisho kabisa wa ukurasa. Mstari ulisomeka 05/03/2021, na juu yake palikuwa na mstari wa 30.03.2021 alioweka akiba dirishani. Hakuna aliyepata kuusoma ukurasa huo kwa makini kama yeye.

La pili lilikuja wiki hiyohiyo na halikuhusu benki kamwe. Fundi cherehani mmoja aliomba mkopo, na kamati ya mikopo ikaahirisha ombi lake kwa maelezo kwamba mnamo tarehe 24 Februari alitoa fedha zaidi ya alizokuwa nazo. Alikana. Alisema asubuhi hiyo aliweka Sh 80,000 kwa simu, akasubiri ujumbe wa kuthibitisha, ndipo akaenda dirishani kutoa Sh 60,000. Salio lake la awali lilikuwa Sh 12,000. Taarifa ilionyesha ametoa kwanza, salio likashuka hadi hasi 48,000, kisha ameweka na kufikia 32,000. Kwa maelezo yake mwenyewe salio lingepanda hadi 92,000 na kushuka hadi 32,000. Mwisho wa siku ni uleule kwa njia zote mbili.

Uchunguzi

Kijana alitaka kuanza kwa kubadilisha kanuni ya kupanga. Nilimwomba tusiiguse. Kazi ya `usort` ni kuziweka thamani kwa mfuatano, na ilikuwa ikizipanga sawasawa kabisa thamani ilizopewa. Tuliamua kwamba kwa siku mbili tutashughulika na swali moja tu: kila chanzo kinapoandika tarehe na saa, kinamaanisha nini? Tulichagua rekodi chache za kila chanzo, tukachapisha pembeni mwa kila moja maandishi ya asili na tafsiri ya skripti kwa maneno kamili, siku, jina la mwezi, mwaka na saa. Jina la mwezi liliandikwa kwa herufi makusudi. “3 Mei” kando ya “05/03/2021” ilionekana mara moja, na la mama likawa limekwisha kueleweka kabla ya chai ya saa nne.

La fundi lilituchukua muda zaidi. Rekodi ya simu ilisema 09:50:12. Rekodi ya taslimu ilisema 24.02.2021, saa 4:15. Kwa skripti, 4:15 ni alfajiri, na bila shaka 04:15 hutangulia 09:50. Tuliitazama ile 4:15 kwa muda, ndipo kijana akauliza kwa sauti ya chini ofisi hufunguliwa saa ngapi. Karani alikuwa chumba cha pili. Akajibu bila kuinua kichwa, “Saa mbili asubuhi, kama siku zote.” Tukamwomba daftari. Katika ukurasa wa tarehe 24 Februari, kwa wino wa buluu, mstari wa kwanza wa siku ulikuwa na saa 2:10, wa fundi ulikuwa na 4:15, na wa mwisho 9:40. Ziko wapi shughuli za dirishani za saa nane usiku wa manane? Karani aliandika saa kama sisi sote tunavyozitamka: saa nne na robo asubuhi ni 4:15. Kwa saa ya simu na ya seva, hiyo ni 10:15, dakika ishirini na tano baada ya fundi kuweka fedha zake.

Ningependa msomaji akae kidogo juu ya jambo hili, kwa sababu sijaliona likitajwa katika maelekezo yoyote ya kupanga rekodi kwa tarehe, na katika nchi zetu ni lazima litajwe. Daftari la karani halikuwa na kosa. Likipangwa peke yake, mfuatano wake ulikuwa sahihi tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kwa kuwa saa zote zilikuwa nyuma kwa kiasi kilekile cha saa sita, na siku ya kazi inayoanza saa mbili na kuisha saa kumi haivuki saa kumi na mbili. Faili la simu nalo lilikuwa sahihi. Makosa yalizaliwa pale rekodi mbili zilizo sahihi zilipolazwa kitanda kimoja bila kuulizwa kila moja inahesabu saa kuanzia wapi. Tena saa za mchana zilikuwa na hatari kubwa zaidi kuliko za asubuhi: 4:15 inaweza kumshtua mtu, lakini 7:30, yaani saa saba na nusu mchana, ikisomwa kuwa 07:30 inaonekana ya kawaida tu.

Jambo la tatu tulilikuta wakati tukilinganisha. Kompyuta ya kijana ilikuwa na PHP 8.0, seva ilikuwa na 7.4. Tulipoendesha skripti ileile juu ya mafaili yaleyale, mistari ya benki ya siku moja ilitoka kwa mfuatano mmoja kwenye kompyuta yake na kwa mfuatano mwingine kwenye seva. Kwa kuwa benki haitoi saa, mistari yake yote ya siku moja ilihesabiwa kuwa ya usiku wa manane na ililingana. Tangu toleo la 8.0, lililotoka Novemba 2020, vitu vinavyolingana hubaki katika mfuatano vilivyoingia nao. Kabla ya hapo lugha haikuahidi hivyo. Na lililomchanganya kijana zaidi ni kwamba katika matoleo ya 7, orodha fupi za chini ya rekodi 16 zilipangwa kwa njia iliyohifadhi mfuatano wa awali. Faili lake la majaribio lilikuwa na mistari kumi na miwili. Alilijaribu hata kwenye seva, likapita.

Maamuzi

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuondoa ubashiri wote. `strtotime` iliondolewa kwenye skripti nzima, na kila chanzo kikapewa muundo wake uliotajwa waziwazi. Kusoma tarehe kukawa ni kazi ya lango moja tu, na kitu kisichosomeka kikawa kinasimamisha shughuli badala ya kupitishwa.

```php
function somaWakati(string $maandishi, string $muundo, string $chanzo): DateTimeImmutable
{
    $eneo = new DateTimeZone('Africa/Dar_es_Salaam');
    $w = DateTimeImmutable::createFromFormat('!' . $muundo, trim($maandishi), $eneo);
    $makosa = DateTimeImmutable::getLastErrors();
    $shaka = $makosa && ($makosa['warning_count'] + $makosa['error_count']) > 0;
    if ($w === false || $shaka) {
        throw new RuntimeException("Tarehe haisomeki: $maandishi, chanzo: $chanzo");
    }
    return $w;
}
```

Kwa benki muundo ni `d/m/Y`, yaani siku, mwezi, mwaka; kwa simu ni `Y-m-d H:i:s`. Mambo mawili katika kipande hiki yalitugharimu saa nzima. Alama ya mshangao mwanzoni mwa muundo ni ya lazima: bila hiyo, `createFromFormat` hujaza saa isiyotajwa kwa saa ya wakati skripti inapoendeshwa, kwa hiyo mistari ya benki ingehama mahali pake kulingana na saa ambayo mweka hazina ameamua kuchapisha. Jambo la pili ni lile hesabu ya maonyo. Tarehe kama 31/02/2021 haikataliwi. Husukumwa mbele na kuwa tarehe 3 Machi, na ushahidi pekee wa kusukumwa huko ni onyo. Karani akikosea kidole anaponakili, tunataka kujua.

Tukaongeza pia sharti kwamba hakuna rekodi inayoruhusiwa kuwa na tarehe ya mbele ya leo, na “leo” ikahesabiwa kwa saa za Dar es Salaam, kwa kuwa seva iliwekwa kwenye UTC, saa ya rejea ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Sharti hili moja, lingekuwapo Aprili, lingelikamata lile rejesho lililosomwa kuwa la tarehe 3 Mei.

Uamuzi wa pili ulihusu saa za karani, na ndio uliojadiliwa kwa moyo zaidi. Mjumbe mmoja wa bodi alitaka karani aanze kuandika saa za kompyuta kwenye daftari. Karani alisema atajitahidi, lakini mteja anaposimama mbele yake saa nne na robo, mkono wake utaandika nne na robo. Mweka hazina alimuunga mkono, na mimi pia. Daftari ni kumbukumbu ya asili. Mtu akilazimishwa kugeuza saa kichwani huku foleni ikimngoja, siku nyingine atageuza na nyingine atasahau, na rekodi zitakuwa na saa za aina mbili zisizotofautishika. Hilo ni baya kuliko kosa thabiti la saa sita. Tuliamua daftari libaki kama lilivyo, kichwa cha safu ya jedwali kiandikwe “Saa ya Kiswahili”, na skripti iongeze sita. Saa isiyo kati ya 2 na 10 irudishwe kwa karani, kwa sababu ofisi haifanyi kazi nje ya hapo na saa kumi na mbili inaweza kuwa ya asubuhi au ya jioni.

Seli chache za jedwali zilitoka na namba kama 44256 mahali pa tarehe. Hiyo ni hesabu ya siku ya Excel, na namba hiyo ni tarehe 1 Machi 2021. Tuliitambua kwa kuondoa 25569, ambayo ni hesabu ya Excel ya tarehe 1 Januari 1970, na kupata idadi ya siku tangu hapo.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa rekodi zisizo na saa, na hapa niliona umuhimu wa kumkabidhi swali mwenye chama. Kompyuta haiwezi kujua kama fedha ya benki iliingia kabla au baada ya mwanachama kutoa taslimu siku ileile. Kijana alipendekeza tufuate mfuatano wa faili. Mweka hazina alikataa akasema kwamba pale chama kisipokuwa na ushahidi wa saa, mwanachama hawezi kuhukumiwa kwa kutokuwepo ushahidi huo. Kwa neno lake, fedha iliyoingia benki bila saa imewekwa mwanzoni mwa siku, na iliyotoka benki bila saa imewekwa mwishoni, na mstari wowote wa namna hiyo una alama ya nyota kwenye taarifa. Zinazolingana hata hivyo hupangwa kwa chanzo, kisha kwa namba ya mstari katika faili la asili.

```php
usort($rekodi, function ($a, $b) {
    return [$a['wakati'], $a['chanzo'], $a['mstari']]
       <=> [$b['wakati'], $b['chanzo'], $b['mstari']];
});
```

Kwa kuwa hakuna rekodi mbili zenye chanzo na mstari vinavyofanana, hakuna zinazolingana tena, na toleo la PHP haliwezi kubadilisha matokeo.

Matokeo

Kabla ya kuchapisha upya, tuliomba vitabu vya akiba vya wanachama watatu waliokubali, akiwamo yule mama, tukasoma kitabu na taarifa mstari kwa mstari, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akifuata kwa kalamu. Vilikubaliana. Kisha tulitoa orodha ya wanachama wote ambao faini au salio hasi lilikuwapo katika taarifa za zamani na halipo katika mpya. Faini hizo zilirudishwa kwenye akaunti zao kwa uamuzi wa bodi, na ombi la fundi likarejeshwa mezani kwa kamati. Orodha ya kinyume nayo ilitolewa: wachache ambao taarifa ya zamani iliwaonyesha wamewahi, kumbe walichelewa, kwa sababu tarehe kama 03/04 ilisomwa kuwa 4 Machi badala ya 3 Aprili, na nyingine za namna hiyo zilichanganya mfuatano wa marejesho na kulihesabu rejesho la mwezi mmoja kuwa la mwingine. Bodi iliamua kutowatoza hao, kwa kuwa kosa lilikuwa la chama.

Taarifa za zamani zilikusanywa na kuharibiwa kadiri zilivyopatikana. Si zote zilizorudi.

Uchambuzi

Kosa la alama ya kujumlisha lilipoteza fedha kwenye karatasi na likaonekana kabla ya saa sita mchana. Kosa la tarehe na la saa hayakupoteza hata shilingi, na yalipita mbele ya mweka hazina mzoefu, bodi na kamati ya mikopo. Tofauti iko kwenye kipimo kilichotumika. Chama kilikuwa na kipimo kimoja tu, jumla, na jumla haijali mfuatano: Sh 12,000 ukiongeza 80,000 na kutoa 60,000 ni 32,000, uanze na lipi upendalo. Lakini faini na salio hasi ni mambo ya mfuatano peke yake. Skripti ilikabidhiwa kazi ya kuhukumu mfuatano bila kipimo chochote kinachopima mfuatano. Kipimo hicho hakikuwa kigumu kukipata. Kitabu kimoja cha akiba kingetosha, na kilikuwa mkononi mwa kila mwanachama.

Dawa ya tarehe za 13 na kuendelea naiona kuwa ndiyo hatua iliyogharimu zaidi, kuliko hata kutumia `strtotime` tangu mwanzo. Dalili ilikuwa imejitokeza mapema, kwenye majaribio, kabla ya mtu yeyote kutozwa. Ile `false` ilikuwa ikisema kwamba chanzo na skripti havielewani juu ya nafasi ya siku na mwezi, na kutoelewana huko kulihusu faili zima, si mistari iliyokataliwa tu. Kijana aliisoma kama kasoro ya mistari. Sisemi hivi kwa kumlaumu, kwa kuwa alifanya kazi peke yake, usiku, baada ya kazi nyingine, na hakuwa na mtu wa kumwonyesha. Bodi ilimwagiza skripti. Haikumwagizia msomaji wa pili.

Majaribio yake nayo yalikuwa ya dhati lakini mafupi. Mistari kumi na miwili haikuweza kuonyesha tabia ya upangaji katika PHP 7.4, na yote ilikuwa ya benki na simu. Hakukuwa na hata mstari mmoja wa taslimu, kwa sababu jedwali la karani lilikuwa bado halijafika. Ingetosha siku moja ya kweli yenye vyanzo vyote vitatu, ambayo mfuatano wake unakumbukwa na mtu aliyekuwapo.

Yaliyofanya kazi vizuri yalitokana zaidi na watu kuliko na lugha ya programu. Skripti ilichapisha tarehe kama ilivyotoka kwenye chanzo, bila kuigeuza, na hilo lilimwezesha mama kuweka kidole mahali penye kosa. Kama tarehe ingegeuzwa kwanza, taarifa ingesema amelipa Mei, na angeonekana ni mtu anayebishana na mashine. Karani hakuficha jinsi anavyoandika saa na hakuona aibu nalo. Mweka hazina alijua kwamba swali la rekodi zisizo na saa ni la haki ya mwanachama, akalijibu yeye.

Udhaifu mmoja umebaki, na bodi inaujua. Kanuni ya kuiweka fedha inayoingia mwanzoni mwa siku na inayotoka mwishoni inaweza kuficha siku ambayo mwanachama kweli alitoa zaidi ya alichonacho. Mweka hazina ameiomba benki faili lenye saa. Mpaka lipatikane, mistari yenye nyota haitumiki katika uamuzi wowote wa kamati ya mikopo, na kila mwisho wa mwezi yeye na karani hukaa kuipitia, taarifa upande mmoja na daftari la wino wa buluu upande mwingine.